Sishuki Mpaka Januari Ishe

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Mjini Sur hiyo si kazi, ni ufalme. Mwezi wa Juni mwenye nyumba humwacha mgeni wake mtukufu juani akanifungulia mimi kwanza, na mkewe huniita "mwanangu" kabla sijashusha ngazi garini. Kwa hivyo habari za baridi nilikuwa sitishiki nazo. Baridi nimeifungua kwa bisibisi, nimeitia gesi, nimeisikia ikikohoa nikaiponya. Nilidhani tunajuana.

Aliyenipeleka nikajue kwamba hatujuani ni Tahira binti Zakariya.

Tahira anasomesha hesabu skuli ya wasichana huko Saiq, juu ya Jabal Akhdar, mahali ambapo Januari maji huganda ndani ya bomba, na watu wa Maskati hupanda na magari yao kuja kupiga picha na barafu iliyo kwenye ndoo. Tulionana mara ya kwanza Ibra, kwenye harusi ya binamu yake. Kiyoyozi cha ukumbi wa wanawake kilikufa, nikaitwa, nikakifufua huku nimevaa kanzu yangu ya harusi. Alisimama mlangoni akanitazama, akasema mafuta yameniingia puani. Asante hakusema. Tangu siku hiyo chakula kikawa hakinishuki.

Nikaposa. Baba yangu ametangulia mbele ya haki, kwa hivyo aliyenisemea ni mjomba wangu Hamdun, tajiri wa samaki, mtu mwenye sauti ya mnada. Tulikwenda Nizwa kwa Mzee Zakariya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sisi watu wetu walirudi Oman kutoka Unguja. Wao walirudi kutoka bara, Njombe, na kila ukoo una maringo yake. Wazee wetu hujisifu kwa karafuu. Mzee Zakariya hujisifu kwa baridi. Mtu huyu alizaliwa mahali ambapo majani hugeuka meupe asubuhi kwa umande ulioganda, na mpaka leo, baada ya miaka yote aliyopikwa na jua la Nizwa, ukimwambia habari yoyote atakwambia, "Hiyo si kitu. Njombe..."

Tulikunywa kahawa, tukala halua, tukaulizana hali za watu wote mpaka waliokufa. Halafu akaingia kwenye maneno.

"Sheikh Hamdun, kijana wenu simkatai. Kabila nalijua, dini naiona, kazi anayo. Lakini binti yangu hataacha skuli yake, na mimi sikubali aolewe halafu akae juu kule peke yake kama mjane. Alikuja mhandisi mmoja wa pwani, akampandisha mkewe Saiq, Disemba ile ile akashuka peke yake. Sasa anampigia simu kutoka Maskati kumwuliza hali ya hewa."

"Huyu wetu si mhandisi," alisema mjomba. "Huyu ni fundi."

"Basi apande kwanza. Akae baridi hii nzima. Akishuka kulala chini, hata usiku mmoja, kabla Januari haijaisha, sisi na nyinyi tutabaki kupeana mkono wa Idi tu."

Pembeni yake alikaa Humaid, mtoto wa ndugu yake, kijana wa Nizwa mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Akacheka puani. "Ami, unawatesa watu wa Sur bure. Hawa wakifungua friji wanavaa sweta."

Kuna matusi mtu huyapitisha na kuna matusi hayapiti. Nilisimama. Mjomba alinivuta kanzu nikaushika mkono wake nikauweka mahali pake, na nikawapa hili, papo hapo, bila karatasi:

*Nitapanda mlimani, kwa kanzu tu na kofia,*
*Koti sitii mwilini, theluji ikinijia,*
*Nyinyi mlo makotini, ndani mkajifichia,*
*Januari karibuni, mje kuniangalia.*

Mzee Zakariya aliweka kikombe chini taratibu. "Sawa," akasema. "Tutakuja kukuangalia."

Garini, tulipopita Bidbid na kushika njia ya Ibra, mjomba alizima redio. Halafu akasema, "Yeye kakutaka ukae tu. Na koti lako ungekaa, ukaoa. Koti umelikataa weye mwenyewe. Nani alikuomba?"

"Alinitukana."

"Alikutukana friji. Ungemtukana friji na weye, ukanyamaza."

Usiku ule Tahira alinipigia. Shairi limeshamfikia, Humaid alikuwa amelirikodi na ukoo mzima wa Njombe, kuanzia Nizwa mpaka Jalan, ulikuwa unalisikiliza na kulirejesha nyuma kulisikiliza tena.

"Nina swali," alisema. "Unaoa mimi, au unaoa shairi?"

"Wewe."

"Basi vaa koti."

"Nimeshasema mbele ya wanaume."

"Na mimi nimeshakaa huko Januari mbili, nalala na chupa ya maji ya moto tumboni na soksi za sufu. Hakuna mwanamume aliyekuja kunitungia. Vaa koti, Muatasim."

Sikuvaa. Lakini sikuwa mjinga kama wanavyodhani. Nilipata kazi kwenye hoteli moja ya huko juu, iliyokuwa inataka fundi wa mitambo ya joto na baridi, na nikabakisha mwezi mzima wa kujitayarisha.

Shida ni kwamba katika mji wa Sur hakuna mtu anayejua kujitayarisha kwa baridi. Tuna wajuzi wa mvua, wa tufani, wa bahari ikichafuka, wa joto la kuua mbuzi. Baridi hatuna mtaalamu. Kwa hivyo kila mtu akawa mtaalamu.

Wa kwanza alikuwa bibi yangu, Bi Ghalia. Amezaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja huku msichana, na baridi kwake ni kipupwe, ule upepo wa mwezi wa Julai wa kule unaowafanya watu wajitande kanga mabegani na kusema dunia imeharibika. Alinikalisha chini.

"Kipupwe mjukuu wangu kinaingia kwa utosi," alisema. "Kichwa ukikiziba, khalas."

"Bibi, huko maji yanaganda."

"Na sisi yaliganda."

"Yaliganda wapi, bibi?"

"Usinipinge. Ulikuwepo?"

Akanikorogea dawa. Asubuhi nilikunywa kijiko cha samli kimevikwa pilipili manga. Mchana uwatu. Jioni alinichua mgongo kwa mafuta ya karafuu mpaka nikipita sokoni watu wananiuliza kama jino linaniuma. Haya yote nilimvumilia, kwa sababu ni yeye aliyenipa jambo la maana kuliko yote, na alilitoa bila hata kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichagua.

"Umesema utavaa kanzu na kofia."

"Kanzu tu na kofia."

"Juu. Ndani ya kanzu nani atakufunua? Hiyo ni baina yako na Mola wako."

Nilimbusu mikono. Siku ile ile nikaenda kwa mshonaji, nikamwambia anishonee kanzu mpya, nyeupe, kiungwana, lakini mapana ya mtu mwingine. Akanipima, akanitazama, akauliza kwa Kiarabu kama natarajia kunenepa. Nikamwambia inshallah.

Mtaalamu wa pili alikuwa mjomba Hamdun. Yeye alisema maandalizi ya kinywaji na nguo ni ya wanawake, mwanamume huandaliwa kwa mazoezi. Ana chumba cha barafu karibu na soko la samaki, pakubwa pa kuingia gari. Akanifungia humo.

Si utani. Kila siku baada ya alasiri nilikaa juu ya kreti la jodari, na kanzu na kofia, huku wafanyakazi wake wa Kibangali wakipita na makreti wakinipa salamu za pole kama mtu aliyefiwa. Mjomba alichungulia kwenye kidirisha cha mlango akinionyesha dole gumba. Mara ya kwanza meno yaligongana mpaka nikajiuma. Baadaye nikaizoea, nikawa naimba, nikawa natunga, nikawa nawasaidia Wabangali kupanga nguru kwa ukubwa. Nilijiona nimeshapasi. Kasoro moja ya yale mazoezi sikuiona mpaka nilipofika Saiq: kwenye chumba cha barafu, ukitoka, nje kuna Sur. Unafungua mlango na jua linakukumbatia kama mama. Jabali halina mlango.

Kasoro ya pili ilikuwa miguu. Bibi aliziba utosi, mjomba akakaza moyo, mshonaji akapanua kiwiliwili. Chini hakuna aliyetazama. Katika nyumba yetu yote hapakuwa na soksi. Sisi ni watu wa makubadhi. Soksi zilizopatikana ni zile ndefu za mpira, za kijani na mistari, za tangu nilipokuwa golikipa, na ndizo nilizopanda nazo.

Sitawachosha na Disemba. Nitasema tu kwamba mlima ule ni mzuri, una makomamanga na mawaridi na mashamba ya ngazi ngazi, na kwamba usiku wa kwanza niliulaani wote, mti kwa mti. Maji ya kutawadha alfajiri yalinishika mikono kama askari. Vigae vya sakafu ya ile nyumba niliyokodi vilikuwa na uhasama na mimi binafsi. Meneja wa hoteli, mwanamke wa Nizwa mwenye huruma, alinipa koti la kazi lenye jina langu kifuani, nikalitundika msumarini na kulisalimia kila nilipopita.

Lakini nilisimama. Ndani ya kanzu, kila wiki, niliongeza kitu. Nilianza na fulana na kikoi. Juu yake ikaja fulana ya pili. Kisha kizibao alichonishonea bibi kwa blanketi la manyoya, lile lenye picha ya simba. Simba alikuja kukaa mgongoni. Kisha kanga zake mbili, kazifunga yeye mwenyewe kwenye furushi na maagizo: moja tumboni, moja kifuani kwa kupishana. Kisha sweta la mjomba. Kufika katikati ya Januari, watu wa Saiq walikuwa wananipongeza kwa afya. Imamu aliniambia hewa ya mlima imenikubali. Koti sikuvaa, na mtu yeyote angeapishwa angesema huyu kijana anatembea kwenye upepo ule na kanzu na kofia, tena ananawiri.

Na chini sikushuka hata usiku mmoja. Tahira alikuwa anashuka Nizwa kwao kila Alkhamisi mchana na kupanda tena Jumapili alfajiri na basi la walimu, na siku za kazi tulizungumza kwa simu, mimi huku yeye kule, nyumba ya walimu iko nyuma ya msikiti, taa yake naiona. Aliniuliza kila mara kama nimevaa koti. Nilimwambia sina haja nalo.

"Sauti yako inatoka kama umefungiwa ndani ya godoro," alisema mara moja.

"Ni mtandao."

Basi wakaja. Ijumaa ya nne ya Januari, baada ya sala, siku ambayo mfereji wa falaji ulikuwa na kioo cha barafu pembezoni na jua lilikuwa la mapambo tu. Mzee Zakariya, Humaid anaendesha, na mjomba Hamdun aliyechukuliwa njiani ili mambo yakitengenea awepo wa kusema ndiyo. Mjomba alishuka kwenye gari na koti la rangi ya chungwa la wavuvi lililomfika magotini.

"Mie sikutunga shairi," alisema kabla sijamuuliza.

Mzee Zakariya naye alikuwa na koti refu jeusi, la zamani, lenye vifungo vya pembe. Alisimama kizingitini, akavuta pumzi kubwa, akatazama mlima kama anayeonja mchuzi wa mwenzake.

"Hiyo ndiyo baridi yenyewe?" akasema. "Hii si kitu. Njombe..."

Lakini pua yake ilikuwa nyekundu, na mkono alionipa aliurudisha mfukoni mbio. Humaid alinizunguka akinikagua juu mpaka chini.

"Umenenepa, dogo."

"Afya."

"Miguu mbona haikunenepa?"

Nikawakaribisha ndani upesi.

Walikuwa wameniletea zawadi, na ile zawadi nusura iniue. Ilikuwa hita, mpya, ndefu, ile ya mapezi inayojazwa mafuta, kutoka dukani kwa mzee. Mzee Zakariya alikaa mkekani karibu na ukuta, koti mwilini, akaelekeza kidole. "Iwashe, kijana. Tuone kama inafanya kazi."

Nikaiwasha.

"Mpaka mwisho. Tuone mwisho wake."

Nikaiwasha mpaka mwisho. Kwenye ukuta kulikuwa na kiyoyozi changu, nilichokifunga mwenyewe, cha joto na baridi, nacho kilikuwa kinapuliza joto tangu asubuhi kwa heshima ya wageni. Kukizima sikuthubutu. Mwenyeji hazimi kitu mbele ya mgeni.

Sasa mnajua mila ya kahawa. Mwenyeji, tena mdogo, ndiye anayemimina, amesimama, dala, lile birika la kahawa, mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Mgeni akitosheka hukitikisa kikombe, ndipo unapopumzika. Asipokitikisa unamimina. Mjomba Hamdun alikunywa, akatikisa. Humaid alikunywa, akatikisa. Mzee Zakariya alikunywa, akanyoosha mkono. Nikamimina. Akanyoosha. Nikamimina. Mzee alikuwa amekizungushia kile kikombe vidole vyote, anajipasha, na kabla hakijapoa anakirudisha kwangu. Kutikisa hakutaka, kwa sababu akitikisa kikombe kinaondoka. Na kusema nasikia baridi ndiyo kabisa, mtoto wa Njombe.

Hapo nikaanza kuiva.

Jasho lilianzia kwa yule simba mgongoni. Likashuka kwenye sweta, likajaa kwenye kanga za bibi, na harufu ya karafuu iliyokuwa imelala humo tangu Sur ikaamka na kutoka kupitia kola. Humaid alinusa. "Nani anapika pilau?" akauliza.

Nilimimina. Uso wangu nilihisi umekuwa mkubwa. Mzee Zakariya alikuwa anaeleza habari za babake aliyekuwa akiwasha moto wa kuni ndani ya duka lake Njombe, na wateja wanakuja kuota tu, hawanunui. Nilikuwa namsikia kama yuko ndani ya kisima. Kuondoka siwezi, dala mkononi. Kuvua siwezi, nitavuaje mbele ya wakwe, nianze na ipi? Nikasema moyoni, Muatasim, simama. Kikombe kimoja tu. Akanyoosha mkono. Nikainama kumimina, na mkeka ukainuka kuja kunilaki.

Nadhani mimi ni mtu wa kwanza kuzimia kwa joto Jabal Akhdar mwezi wa Januari. Kama kuna mwingine ajitokeze.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mjomba alipiga kelele nipewe hewa. Humaid akanifungua vifungo vya kanzu, akavuta, akakuta sweta. Akavuta sweta, akakuta kanga. Akafungua kanga akakuta kanga ya pili. Alipofika kwenye blanketi alisimama kabisa na mikono ikaning'inia.

"Ami," alisema, "huyu si mtu, huyu kabichi."

Inasemekana Mzee Zakariya hakucheka. Aliweka mkono kwenye paji langu, akaukuta moto, akasema nipelekwe hospitali Nizwa mara moja. Wakanibeba kama nilivyobaki, na kikoi, fulana iliyoroa na soksi za mpira, wakanitia kiti cha nyuma na kuondoka.

Nilizinduka kwa upepo. Humaid alikuwa ameshusha vioo vyote. Niliona mlima unapita, nikaona kibao cha kuonya madereva watie gea ndogo, na nikajua tuko wapi: kona ya kwanza ya mteremko ipo mbele pale, na baada yake ni chini, chini, mpaka Birkat al Mawz na mitende.

"Mnanipeleka wapi?"

"Hospitali," alisema mjomba, aliyekuwa amenishika kichwa. "Tulia. Watakulaza, kesho utakuwa mzima."

Watakulaza. Neno hilo lilinizindua kuliko upepo. Nikilazwa Nizwa, nimelala chini, na Januari bado iko hai. Nilimtazama Mzee Zakariya kiti cha mbele. Shingo yake haikugeuka. Sikujua kama amelifikiria hilo au hakulifikiria, na sikutaka kubahatisha.

"Simamisha gari."

"Dogo, tulia..."

"Humaid, simamisha au naruka."

Akasimamisha, maana nilikwisha fungua mlango. Nikashuka. Nikaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara, juu ya jiwe, nikafumbata mikono. Upepo ulikuja kutoka bondeni ukaikuta ile fulana mbichi na kuishika. Nimefanya kazi na baridi ya kila namna. Ile haikuwa baridi, ilikuwa ni kisu kinachokujua kwa jina. Mbavu zilianza kucheza zenyewe.

Wote wakashuka. Mjomba alinisihi kwa jina la marehemu baba yangu. Humaid alisema nina wazimu, akasema kwa adabu zaidi kidogo kuliko kawaida yake. Mzee Zakariya alisimama mbele yangu na koti lake, mikono kwapani.

"Ingia garini, kijana."

"Gari likielekea juu naingia."

"Umezimia."

"Nimezimia juu. Ningezimia chini ungekuwa na neno. Wewe ulisema kulala chini hata usiku mmoja, basi. Mimi sishuki mpaka Januari ishe."

"Utakufa hapo."

"Nitakuwa nimefia juu."

"Na zile nguo?" alidakia Humaid. "Ulisema kanzu tu na kofia. Tumekuta duka zima."

"Babako mdogo alinipa sharti moja: nisishuke. Hilo la kanzu nilijipa mwenyewe, na nitajihesabia mwenyewe. Koti umelikuta?"

Humaid akafikiri. "Koti hapana," akasema.

Tulikaa hivyo, mimi kwenye jiwe, wao wamesimama, magari ya watalii yanapunguza mwendo kututazama. Mzee Zakariya midomo ilikuwa imeingia rangi ya zambarau, ila aliendelea kusimama, na mimi niliendelea kukaa, na nilielewa wazi kwamba atakayeinuka kwanza ameumia. Ndipo simu ya Humaid ikalia mfukoni mwake. Alikuwa amemtumia Tahira habari tangu nilipoanguka, na picha ya simba. Alisikiliza, akaiondoa sikioni, akaifungulia spika. "Anataka wote," alisema.

"Baba uko hapo?" Sauti ya Tahira ilitoka ndogo, imenyooka.

"Nipo, mama."

"Umeganda?"

"Mimi? Hii si kitu. Njom..."

"Baba. Mama anasema jana umelala na mablanketi matatu, Nizwa."

Mzee alitazama bondeni.

"Na huyo mwingine yupo?"

"Nipo," nilisema, na meno yakaligawa neno vipande.

"Nyinyi wawili mmeendana vizuri sana. Naona bora mwoane nyinyi, mimi nibaki na wanafunzi wangu. Muatasim, nisikilize. Baba yangu alisema usishuke, hukushuka, hilo nimeliona na nimelipenda, sitalificha. Sasa ni zamu yangu kusema, kwa sababu atakayekaa na wewe mlimani ni mimi, si baba na si Humaid. Vaa koti. Sasa hivi, hapo ulipo, mbele yao. Mtu atakayekufa kwa shairi mimi simtaki. Nimehesabu, haniingii."

Humaid alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na dhihaka usoni, alikuwa anasubiri tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilijua nikivaa, lile shairi lililoko kwenye simu za watu kuanzia Nizwa mpaka Jalan litakuwa uwongo wangu wa kudumu, litachezwa kwenye harusi za wajukuu. Ni shairi zuri. Mizani imekaa, vina vimekaa, sijawahi kutunga lililotoka mbio kama lile. Nilikaa nalo kidogo, kama mtu anayeagana.

Halafu nikasimama nikanyoosha mkono kwa mjomba, nikamwambia anipe lile la wavuvi.

Hakuwahi. Mzee Zakariya alikuwa ameshafungua vifungo vya pembe. Alilivua koti lake jeusi, akanivalisha yeye mwenyewe, mkono mmoja, mkono wa pili, akanifunga kifungo cha juu kama mtoto anayepelekwa skuli. Lilikuwa na joto lake bado. Yeye akabaki na kanzu, kanzu tu na kofia, upepo ukamwingia, na yule mzee akatoa sauti ambayo sitaiandika kwa sababu sasa ni mkwe wangu.

"Nasikia baridi," alisema. "Wallahi nasikia baridi. Humaid, geuza gari turudi juu."

Tulirudi tumebanana. Mzee alijikunja kiti cha mbele, mikono kwenye tundu la hewa ya moto, na meno yake yakigongana alianza kupanga mambo kama mtu anayekimbizwa. Ndoa Nizwa, msikitini kwao, Ijumaa ijayo. Yeye huku hapandi tena mpaka Julai.

"Ijumaa ijayo bado Januari," nilisema. "Inaisha Jumamosi. Siruhusiwi kushuka."

"Hukukatazwa kushuka. Umekatazwa kulala. Utashuka asubuhi, utaoa adhuhuri, utapanda na mkeo kabla ya magharibi. Kuna ugumu gani?"

"Na karamu?" aliuliza mjomba Hamdun. "Watu wangu wa Sur wataka kula."

"Watakula bila yeye. Kwani wanamla yeye?"

Mjomba akasema basi tusome Fatiha kabla mtu hajazimia tena, na tukasoma humo humo garini mbele ya mlango wangu, injini inaunguruma, mikono imekunjuliwa, yangu ikipotea ndani ya mikono mirefu ya koti la mtu mwingine. Aliyechelewa kusema amina ni Humaid. Alikuwa anahangaika na simu yake, hajui namna ya kuizima kwa adabu, kwa sababu Tahira bado alikuwa humo ndani, na alikuwa anacheka.